Dresa Aliyekusanya "Hapana"

Urbanus Kisilu alikuwa dresa katika shamba moja la mkonge mashariki ya Thika, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka mjini. Kazi yake ilikuwa kuchomoa miiba, kuosha vidonda, kugawa kwinini, na kila asubuhi kuandika katika daftari la shamba nani ni mgonjwa kweli na nani amechoka tu. Hiyo ya mwisho ilimshinda. Msimamizi alimlalamikia mara nyingi kwamba dispensari yake ndiyo pekee wilayani ambayo haijawahi kupata mtu mvivu. Urbanus aliinamisha kichwa, akasema ndiyo bwana, na kesho yake akaandika wagonjwa wengi kama jana.

Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya mpagazi na sauti ya mtu anayeomba radhi. Wagonjwa wakimwita Daktari, aligeuka nyuma kuangalia kama daktari amefika. Nilipokutana naye mwaka wa 1956 alikuwa na miaka arobaini hivi, watoto watatu, na mke aitwaye Kamene ambaye alizungumza kwa niaba yao wote wawili.

Mimi ni Idah Njambi. Wakati huo nilikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii pale Thika, nikizunguka kufundisha akina mama kushona na kutunza watoto wachanga. Nilikuwa pia karani wa chama kidogo ambacho hadi leo mtu akiniuliza kilikuwa chama cha nini, lazima nivute pumzi kwanza.

Kilianzishwa na Mwalimu Bedan Waweru wa Ruiru. Mwalimu alikuwa akisoma kwa posta, masomo yakija kwa bahasha kutoka ng'ambo, na katika bahasha moja alikuta sura isiyohusu akili ya mtu mmoja bali tabia za watu wakiwa pamoja: kwa nini mtu huwafuata wenzake hata akijua wamekosea, kwa nini kundi huthubutu jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angelithubutu peke yake. Alisema hiyo ndiyo elimu ambayo nchi yetu inaihitaji kuliko nyingine yoyote. Kwa yaliyokuwa yakitendeka pande zetu miaka ile ya emajensi, yaani hali ya hatari, watu wa ukoo mmoja wakiogopa kusalimiana kisimani, hakuna aliyembishia. Chama akakiita Chama cha Elimu ya Mtu Kati ya Watu. Tulikuwa wanane: walimu watatu pamoja na yeye, makarani wawili, mwinjilisti mmoja, mimi, na Urbanus.

Urbanus alikuja kwa sababu alisoma tangazo letu kwenye mlango wa jumba la mikutano mjini, siku aliyotumwa kuchukua dawa. Mikutano miwili ya kwanza alikaa nyuma bila kusema neno, kofia magotini. Katika wa tatu, Mwalimu aliuliza kama kuna yeyote aliyewahi kuona, katika kazi yake mwenyewe, mtu akibadilika kwa sababu wengine wanamtazama. Urbanus akanyanyua mkono kama mtoto wa shule.

"Mtu akija peke yake na kidonda, analia," alisema. "Wakiwa watano kwenye benchi, hakuna anayelia. Lakini mmoja akianza, wote wanalia, hata aliyekuja kwa kikohozi. Kwa hiyo siku hizi namwita kwanza yule ninayejua hatalia."

Mwalimu alifunga kitabu chake. Alituambia kwamba amelipa karo ya miezi minne kusoma jambo ambalo mtu huyu ameliona bure kutoka upande wa pili wa benchi. Tangu siku hiyo Urbanus alikuwa mtu wetu.

Lakini chama hakiishi kwa maneno mazuri. Tulitozwa kodi ya jumba kila tulipokutana. Kibali cha kukutana kilibidi kuombwa upya kila miezi mitatu, na kila mara kulikuwa na fomu, na safari, na siku ya kazi iliyopotea. Karatasi na wino vilikuwa ghali. Zaidi ya yote, Mwalimu alikuwa amepata barua kutoka kwa chama kikubwa cha wataalamu ng'ambo. Walikuwa tayari kututambua kama tawi lao la mbali, kututumia jarida lao na kusoma tutakayoandika, mradi tulipe gini mbili kwa mwaka, yaani shilingi arobaini na mbili. Mchumaji kahawa wa Ruiru alifanya kazi karibu mwezi mzima kupata kiasi hicho. Ada zetu wenyewe zilikuwa zimekwisha kumezwa na kodi ya jumba. Ikabidi tuwaombe watu.

Nani aende kuomba? Sisi Wakikuyu hatukuweza kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila pasi iliyopigwa muhuri, na mara nyingine Mwalimu mwenyewe alishindwa kufika Thika kwenye mkutano aliouitisha. Urbanus alikuwa Mkamba. Angeweza kutembea Jumamosi na Jumapili kutoka Thika hadi Ruiru, duka kwa duka na nyumba kwa nyumba, na asisimamishwe na mtu zaidi ya mara moja au mbili. Tulimchagua mweka hazina kwa kura saba. Yeye hakupiga kura, wala hakukataa. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba hakujua kukataa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoruhusiwa.

Mwezi wa kwanza alizunguka Jumamosi zote nne. Mkutano ulipofika Mwalimu alimwomba atoe taarifa. Urbanus akasimama, akaweka mfuko wa turubai juu ya meza, na ndani yake mlikuwa na viberiti. Nilivihesabu: vilikuwa kumi na moja. Kila duka aliloingia alishindwa kuanza, na kwa kuwa mtu hawezi kusimama dukani bure, alinunua kiberiti na kutoka. Fedha ni zake mwenyewe. Hakuwa amemwomba mtu hata mmoja.

Tulicheka, Mungu atusamehe. Naye akacheka kidogo, akakaa. Nilimpeleka hadi stendi ya lori siku hiyo, na njiani akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, mtu huanzaje kusema. Nikamwambia aseme tu: mimi ni fulani, natoka chama fulani, tunaomba msaada. Akarudia maneno hayo mara tatu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Mwezi wa pili alisema. Aliomba kwa wenye maduka, kwa Wahindi na kwa Waafrika, kwa mafundi wa viatu, kwa makarani wa kahawa, kwa wazee wa kanisa. Alikuja mkutanoni na shilingi mbili na sumuni. Mwalimu alishika paji la uso. Hapo Urbanus akatoa daftari la shule, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akasema kwamba kwa kuwa fedha hazikupatikana, ameona si haki kurudi mikono mitupu, kwa hiyo ameandika jinsi kila mtu alivyokataa. Akaanza kusoma.

Mwenye duka wa kwanza alimsifu. Alisifu chama, akasifu elimu, akasifu viatu vya Urbanus, akamsindikiza hadi barabarani akimsifu, na alipokuwa barabarani ndipo Urbanus alipogundua kwamba amekwisha kukataliwa. Wa pili alimwita mkewe, na mke ndiye aliyesema hapana huku mume akisikitika pembeni. Fundi mmoja wa baiskeli aliuliza maswali mengi sana juu ya saikolojia, kwa nusu saa nzima, mpaka Urbanus akachoka akaaga. Mzee wa kanisa aliomba sala ndefu ya kukiombea chama, na baada ya amina hapakuwa na namna ya kutaja fedha. Mwingine alimwambia njoo Jumatatu, na Urbanus akiwa ni Urbanus, aliomba ruhusa kazini, akaenda Jumatatu.

Tulikuwa tunafuta machozi ya kicheko. Kisha taratibu kicheko kikaisha, kwa sababu Mwalimu alikuwa hacheki. Aliomba daftari, akalisoma mwenyewe kurasa mbili tatu, akasema:

"Tumekaa hapa mwaka mzima tukitafuta jambo la kuchunguza. Hili hapa. Hakuna anayependa kuonekana mchoyo, na hakuna anayetaka kutoa. Mtu anafanya nini akiwa katikati?"

Hivyo ndivyo utafiti wa kwanza wa chama chetu ulivyopatikana, kutokana na mweka hazina aliyeshindwa kuleta hazina. Tulimtuma tena, safari hii akiwa na kazi mbili: kuomba, na kuandika. Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Urbanus, aliyeogopa kuomba kuliko kitu kingine chochote, hakuogopa hata kidogo kuuliza. Alianza kuwaambia watu wazi: nimekuja kuomba mchango, na nikikataliwa nitaandika jinsi nilivyokataliwa, maana ndiyo elimu yetu. Watu wakacheka. Wakamwambia jinsi wao hukataa, jinsi baba zao walivyokataa, jinsi mashemeji wanavyokataliwa. Wengine waliita majirani waje waongeze. Na wengi, baada ya kueleza ufundi wao wote wa kunyima, walitia mkono mfukoni. Hakuelewa kwa nini. Aliandika hilo pia.

Siku moja ya Jumapili alifika katika kijiji kimoja kipya karibu na Ruiru, mojawapo ya vile vijiji ambavyo watu walihamishiwa kwa lazima, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Alimkuta mwanamke aliyekuwa amerudi kutoka kizuizini mwezi uliotangulia. Alikuwa akipura maharagwe uani. Urbanus alieleza habari ya chama, na yule mama akamsikiliza bila kuacha kazi. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na sumuni, akamwekea mkononi. Urbanus akafungua daftari.

"Usiandike jina langu," yule mama alimwambia. "Jina langu limeandikwa vya kutosha."

Aliandika tu: mama mmoja, sumuni. Nami hapa sitaandika zaidi ya hapo. Lakini Kamene aliniambia kwamba jioni hiyo chakula cha Urbanus kilipoa mbele yake.

Kufikia mwisho wa 1957 daftari lilikuwa limejaa, na la pili lilikuwa limefika nusu. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa humo, kila mmoja na jina, kazi, mahali, na maneno yake hasa aliyoyasema. Shilingi arobaini na mbili zilikuwa karibu kutimia. Nadhani ule ndio wakati tuliokuwa na furaha zaidi.

Januari alikuja bwana mmoja kwenye dispensari ya shamba. Alitoka katika ofisi ambayo hata wakati ule haikuwa na kibao mlangoni. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akamsubiri Urbanus amalize kufunga mkono wa mtu, akazungumza naye kwa adabu, kwa Kiswahili safi. Alisema wamesikia habari za chama na wamependezwa. Serikali inapenda Waafrika wajifunze mambo ya kisasa. Alijua shida zetu zote: kodi ya jumba, kibali, karatasi. Yote hayo yangekwisha. Chama kingepewa fungu la kila mwaka, na mashine ya kurudufu, mpya, ya kuzungusha kwa mkono. Wao wangeomba jambo moja dogo, kuyaona yale madaftari. Wangependa kujua nani alitoa, nani alikataa, na alisema nini alipokuwa akikataa, kwa sababu, alisema, mtu akikataa jambo dogo huonyesha anavyofikiri juu ya makubwa.

Urbanus alijibu kwamba yeye ni mweka hazina tu, lazima awaulize wenzake. Bwana yule akampa wiki mbili.

Mkutano tulioitisha kulijadili hilo ndio mkutano mbaya kuliko yote ya chama chetu. Mwinjilisti alisema hapana mara moja. Mmoja wa makarani alisema tukikataa tutaonekana tuna la kuficha. Niliyemtarajia aseme hapana ni Mwalimu, na hakusema. Alizungumza kwa muda mrefu, macho yakiwa mezani. Alisema vyama vyote vya elimu duniani vinalishwa na mtu fulani, na hakuna mlishaji asiyetaka kitu. Alisema labda tungeweza kubadilisha majina kidogo. Alisema kwamba amesoma kwa mwanga wa koroboi kwa miaka sita na hajawahi hata mara moja kuwa na karatasi za kutosha. Mimi nilikuwa na hasira naye, lakini nilikuwa najua pia kwamba mashine ile ilikuwa imekwisha kuingia katika ndoto zangu. Tuliahirisha mpaka Jumamosi iliyofuata.

Urbanus hakuingoja. Jumapili ile, baada ya misa, Urbanus alikaa mezani kwake na mkasi wa kukatia bendeji, akafungua daftari la kwanza, na akaanza kukata majina. Kamene ndiye aliyenieleza, maana walifanya pamoja. Yeye alijifunza kusoma misheni, polepole, kwa hiyo alitamka kila jina kwa sauti, na Urbanus akalikata, kijikaratasi chembamba kama ukucha, na mahali pa mtu huyo, na kazi yake kama ingemtambulisha. Walivitia vijikaratasi katika jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano. Walipomfikia mwenye duka mmoja aliyemtukana Urbanus mbele ya watu, Kamene alisema huyu mwache, huyu na waende wakamwulize. Urbanus alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Kisha akamkata naye kama wengine. Iliwachukua mchana wote, na watoto walikula viazi vya jana.

Wiki mbili zilipotimia bwana yule alirudi. Urbanus alimkabidhi madaftari yote mawili mwenyewe, kwa mikono miwili. Bwana alifungua. Kurasa zilikuwa matundu matupu, mwanga unapita.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Nimetoa majina, bwana. Maneno yote yamo. Sisi tulikuwa tunachunguza maneno."

"Na majina?"

"Majina ni ya wenyewe."

Bwana akamwuliza kama chama hakitaki zile fedha.

"Tunazitaka sana," Urbanus akasema.

Walimchukua asubuhi hiyo hiyo, wakamrudisha siku ya tatu. Hakupigwa. Waliuliza maswali yale yale kwa mpangilio tofauti, na yeye alijibu kwa majibu yale yale, maana hakuwa na mengine. Aliyesaidia arudi upesi, sitamnyima haki yake, ni yule msimamizi wa shamba aliyekuwa akimlalamikia. Alipiga simu kuuliza nani atafunga mikono ya watu arobaini waliojipanga mlangoni pa dispensari. Si kwa mapenzi, ni kwa mkonge. Lakini alipiga. Na madaftari yalirudi naye, maana hayakuwa na faida kwa mtu.

Chama hakikuponyoka hivyo. Kibali chetu kilipokwisha mwezi wa tatu, hatukupewa kingine, na hakuna aliyetuambia sababu. Makarani wawili walijitoa kwa barua za adabu, wakiogopea kazi zao. Siwalaumu. Tulibaki sita bila ruhusa ya kukaa pamoja chumba kimoja.

Mwalimu aliomba pasi ya siku moja kwa kisingizio cha kutibiwa, akaenda hadi shambani. Nilikuwa naye, kwa sababu kazi yangu iliniruhusu kusafiri. Alimkuta Urbanus anafua bendeji. Hakuzunguka.

"Nilitaka kuwauza wale watu, Kisilu. Nimekuja kukwambia."

Urbanus aliendelea kukamua kitambaa alichoshika, akakianika, akafuta mikono.

"Hata mimi nilizitaka, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali pa kuweka ile mashine." Kisha akamwita Kamene alete uji, na hawakulizungumza tena mbele yangu.

Kwa zaidi ya mwaka chama kiliishi ndani ya kikapu changu cha kushonea. Nilibeba daftari jipya chini ya vitambaa, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na kila mtu aliandika mawazo yake na kumjibu aliyetangulia. Mkutano mmoja ulichukua wiki tano. Kwa njia hiyo tulisoma upya zile kurasa zenye matundu, tukazipanga: wanaokataa kwa sifa, wanaokataa kwa maswali, wanaokataa kwa midomo ya wengine. Na tuliandika kwamba mtu akipewa nafasi ya kueleza jinsi anavyonyima, mara nyingi hutoa. Mwalimu aliiweka yote kwa Kiingereza, nami nikaipiga chapa ofisini saa ya chakula, wakubwa wangu wakiwa nje. Hatukuhitaji tena kulipa kodi ya jumba, na kwa sababu hiyo tu fedha zikatimia. Mwezi wa sita tukanunua posta oda pale Thika tukaituma pamoja na makala.

Jibu lilikuja Novemba. Walitukaribisha kama tawi, na waliuliza maswali manne, moja likiwa kwa nini orodha ya majina ya walioulizwa haikuhifadhiwa kama utaratibu unavyotaka. Barua zilikuwa zikifunguliwa njiani, hatukuweza kueleza. Mwalimu alijibu kwa sentensi moja: majina yalikuwa mali ya wenyewe. Hatujui walifikiri nini. Katika toleo la mwaka uliofuata, ukurasa wa mwisho kabisa, walichapa muhtasari wa nusu ukurasa, na jina likaandikwa U. Kisulu.

Nilimpelekea jarida dispensari. Kiingereza chake hakikuwa kingi, kwa hiyo nilimfasiria mstari kwa mstari, wagonjwa wakisikiliza kwenye benchi. Nilipomaliza aliuliza kama wameandika habari za yule mama wa Ruiru, aliyetoa sumuni. Nilitazama tena. Walikuwa wamemwondoa kwa kukosa nafasi. Urbanus alitikisa kichwa polepole. Kosa la jina lake halikumsumbua kamwe. Hilo la mama lilimsumbua kwa miaka.

Katikati ya 1959 mambo yalianza kulegea, na kibali kikarudi kama kilivyokwenda, bila maelezo. Tulifanya mkutano mkuu katika darasa moja la shule ya Ruiru, Jumamosi mchana. Tulitarajia watu kumi. Walikuja thelathini na mmoja, na wengi wao walikuwa watu wa madaftari: wenye maduka, fundi wa baiskeli, mzee wa kanisa. Walitaka kujua elimu imesema nini juu yao. Urbanus alitakiwa kusoma makala. Alisimama mbele yao na karatasi mkononi. Kisha akaiweka karatasi chini, akaanza kuwasimulia tu, akiwatazama, bila kumtaja mtu. Kila mmoja alijitambua na akadhani jirani yake hajatambua. Walicheka kwa furaha kubwa.

Mwishoni aliomba kupumzishwa uhazina. Tulikubali haraka kuliko adabu ilivyotaka. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana mmoja aitwaye Wamalwa, karani mpya wa ofisi ya kazi, mwenye ulimi mwepesi, ambaye katika mwezi mmoja alikusanya zaidi ya alivyokusanya Urbanus kwa miaka mitatu. Urbanus alifurahi sana. Alimwambia kila mtu aliyekutana naye.

Baadaye nilikwenda naye na Kamene hadi stesheni ya Ruiru kungoja treni ya Thika. Palikuwa na watu wengi, na Kamene alikuwa amekaa juu ya gunia la maharagwe tulilopewa na wanakijiji kama mchango, akisema kwamba chama hiki angalau sasa kinaleta kitu kinachopikika. Urbanus hakumsikia. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, akitazama kundi la watu waliokuwa wakimsindikiza mzee mmoja. Walikuwa wanapeana mikono.

"Njambi," aliniita taratibu, bila kuondoa macho yake. "Wale wameagana mara nne, na hakuna aliyeondoka. Unafikiri ni kwa nini?"

Nikamwambia sijui. Akauliza kama nina kalamu.